Miguu ya Wageni

Haya si ya hapo zamani za kale, ni ya juzi tu. Na wala hayakutokea kwetu, Mungu apishe mbali, yalitokea nchi ya Shwari. Msomaji akikuta humu mtu anayemfahamu, ajue macho yake yamemchezea, akapimwe.

Shwari ni nchi iliyobarikiwa, maana haina matatizo. Zamani ilikuwa nayo tele, lakini Serikali ilijifungia siku tatu katika hoteli moja yenye bwawa la kuogelea, ikatoka na waraka wa kuyafuta yote. Kuanzia siku hiyo kilichobaki nchini ni changamoto. Tatizo, waraka ulifafanua, linataka kuondolewa, na kuondoa kitu ni kazi ya kuchosha. Changamoto inataka kushughulikiwa tu, na kushughulikia kuna wataalamu wake. Basi changamoto zote zikahesabiwa, zikapewa namba, zikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Taifa kwa hati, kila idara ikapewa yake iitunze. Idara ya Uhandisi ilichukua madaraja yanayosombwa na mafuriko. Idara ya Kilimo ilichukua viwavi. Idara ya Falsafa ilichelewa kikaoni, ikakuta wamebaki mbu, ikawachukua hivyo hivyo.

Idara ya Sayansi ya Maji ndiyo iliyopata Changamoto ya Taifa Namba Saba, na wenzao waliionea wivu, kwa sababu Namba Saba ilikuwa na kijiji chake kizima, chenye watu ndani, umbali wa saa mbili tu kwa gari, na njiani kulikuwa na sehemu nzuri ya kula kuku.

Kijiji chenyewe kinaitwa Kisima Kitamu. Maji yake yanang'aa, ni ya baridi, ukiyanywa unaguna kwa raha. Ila yamejaa madini ya floraidi. Mtoto anayeyanywa tangu kuzaliwa huota meno ya rangi ya chai ya rangi, na akiendelea kuyanywa miguu huanza kupinda, wengine magoti yakikimbiana, wengine yakigombana. Wazee wa pale shingo zimekakamaa. Mzee akitaka kukuona lazima ageuke mwili mzima, na wageni husema watu wa Kisima Kitamu wana heshima sana, wakikusalimu wanakugeukia kwa mwili wote.

*

Sifaeli alizaliwa hapo. Ukimwona akicheka utamjua, kwa sababu hucheka huku ameweka kiganja mdomoni, kuficha meno. Alikuwa fundi sanifu wa maabara, daraja la pili, katika hiyo hiyo Idara ya Sayansi ya Maji. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameosha chupa za maabara, amepima maji ya kwao, na kuwaandikia wasomi tarakimu walizozifanya shahada. Rafu ya tatu ya maktaba ya idara ilikuwa na tasnifu arobaini na moja kuhusu Kisima Kitamu. Zote zilikuwa na sura ya mwisho, na sura hiyo katika zote arobaini na moja ilihitimisha kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Moja tu ilipitiwa na shetani. Iliandikwa na kijana ambaye baadaye aliacha usomi akafungua biashara ya vifaranga. Ukurasa wa themanini na tisa ulieleza kwamba mifupa ya ng'ombe, ukiichoma kwa kuinyima hewa mpaka iwe mkaa, ukaiponda chenga chenga, ukaiosha na kuijaza kwenye ndoo, maji yakipita humo huiacha floraidi nyuma yakatoka salama. Basi. Ndoo, bomba dogo la plastiki na mifupa ya buchani. Ukurasa ule ulikuwa umegandana na wenzake tangu siku tasnifu ilipojalidiwa, kwa hiyo Sifaeli aliutenganisha kwa wembe, taratibu, na akausoma akiwa amesimama.

Aliusoma akautia moyoni, akarudisha tasnifu mahali pake. Yeye alikuwa daraja la pili.

Kisha siku moja ya Jumatano dada yake, Namsifu, akatokea maabara bila taarifa, jasho likimtoka, amemshika mkono binti yake wa miaka mitatu, Nakundwa.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nataka umtazame mwanao anavyotembea." Akamgeukia mtoto. "Naku, nenda mpaka kwenye ule mlango, uguse, urudi kwa mama."

Nakundwa akaenda, akagusa, akarudi, akifurahi kwa kuwa sakafu ilikuwa inateleza. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kuchora upinde. Wa kulia ulikuwa unaufuata mwenzake. Sifaeli aliifahamu miguu ile. Aliiona kwa marehemu mama yao, na aliiona katika picha za tasnifu zote arobaini na moja, ikiwa imezibwa macho kwa kistari cheusi, kana kwamba miguu ina macho.

"Si ndiyo hiyo?" Namsifu akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Sasa kaka, wewe si uko chuo kikuu?"

Sifaeli alimbeba mtoto, akampa mpira wa kuzibia chupa achezee, kisha akawasindikiza mpaka stendi.

*

Kesho yake alikwenda kumwona mkuu wa idara, Profesa Daktari Mhandisi Baltazari Ngoda, mshika Kigoda cha Changamoto Namba Saba. Profesa alikuwa mtu mwema, na mtu akisema vinginevyo anamsingizia. Alikuwa anakipenda Kisima Kitamu kuliko kitu chochote duniani. Ofisini kwake alitundika ramani ya kijiji, chupa ya maji yake ikiwa juu ya meza imefungwa utepe, na alipokuwa akisafiri nje ya nchi kuwasilisha mada alikuwa akikikumbuka mpaka anapoteza hamu ya kula, angalau siku ya kwanza.

Sifaeli akamweleza habari ya mifupa. Profesa alisikiliza kwa makini sana, amefumba macho.

"Wewe ni daraja gani, bwana Sifaeli?"

"La pili, Profesa."

"La pili." Profesa akafungua kabrasha la miundo ya utumishi, akatafuta kwa kidole. "Daraja la pili: kuosha, kukausha, kupima, kuhesabu, na kutoa taarifa ya kilichovunjika. Sioni hapa kujua. Kujua kunaanzia mhadhiri msaidizi, tena kwa usimamizi. Kugundua ni mpaka mhadhiri mwandamizi. Nani amekutuma ujue?"

"Sikutumwa. Nilisoma ukurasa wa themanini na tisa."

"Ulisoma." Profesa alifungua macho. "Na huo ukurasa, nani ameunukuu?"

"Hakuna, Profesa."

"Umechapishwa katika jarida gani?"

"Haujachapishwa. Lakini nimejaribu na kikombe kimoja, nimepima mara sita, na floraidi yote..."

"Basi bado haujawa kweli, mwanangu. Sijasema ni uongo. Nasema haujawa kweli." Alisema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba. "Andika andiko. Lipite Kamati ya Idara, Kamati ya Kitivo, Kamati ya Utafiti, na mwisho kabisa Kamati ya Maadili. Mimi mwenyewe nitaliunga mkono."

Sifaeli aliandika andiko. Alitumia jina la mhadhiri msaidizi mmoja, kwa kuwa lake lilikuwa la daraja la pili. Kamati tatu zililipitisha kwa miezi kumi na minne tu, kasi ambayo gazeti la chuo liliisifu kwa herufi kubwa. Kamati ya Maadili ikalirudisha. Kiambatisho C hakikujazwa. Kiambatisho C ni fomu ya ridhaa ya mshiriki, na kwa kuwa ng'ombe ndiye anayetoa mifupa, ng'ombe ni mshiriki. Kamati ilikuwa na busara. Iliongeza kwa kalamu nyekundu kwamba iwapo mshiriki hajui kusoma wala kuandika, asomewe fomu kwa lugha anayoielewa, kisha aweke dole gumba.

*

Wakati andiko likisubiri dole gumba la ng'ombe, chuo kiliamua kwamba umefika wakati wa kuizindua rasmi changamoto yenyewe. Ilikuwa imekaa miaka mingi bila kuzinduliwa, na jambo lisilozinduliwa Shwari halihesabiwi kuwa lipo.

Kisima Kitamu kikapambwa. Utepe mwekundu ulizungushwa kisimani. Mahema yaliletwa, na viti vyenye vitambaa vya kufunga kwa nyuma, na fulana mia tatu zilizoandikwa "Namba Saba: Changamoto Yetu, Fahari Yetu". Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Changamoto. Mshereheshaji alianza saa tatu kutambua uwepo wa wageni, na ilipofika saa saba alikuwa bado anatambua. Aliwatambua hata waliokwisha kuondoka. Mbele ya kila mgeni palikuwa na chupa mbili za maji ya dukani.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema, "kuna vijiji vinalilia changamoto na havijapata. Ninyi mnayo! Hii si yangu, si ya Profesa, ni yenu na ya wajukuu zenu. Nawaomba muitunze. Asitokee mtu akaichezea." Watu wakapiga makofi, kwani hema lilikuwa na kivuli na pilau lilikuwa linanukia.

Kisha akaomba aletewe mfano hai. Profesa mwenyewe ndiye aliyemchagua Nakundwa, kati ya watoto wote, kwa sababu upinde wake ulikuwa mzuri, sawasawa pande zote mbili. Alikuwa na miaka minne sasa. Akapandishwa jukwaani amevaa fulana inayomfika kwenye vidole vya miguu, ikabidi Waziri amkunjie ili miguu ionekane. Kamera zikalia. Mtoto alicheka, kwa maana alidhani anapewa zawadi. Namsifu, aliyekuwa kwenye mkeka pamoja na kina mama wengine, alijifunika kanga usoni akalia kimya kimya, na mwandishi wa gazeti la chuo akaandika kwamba mama mzazi alibubujikwa na machozi ya furaha.

Waliondoka wakaacha bango la chuma kando ya kisima: ENEO LA UTAFITI. CHANGAMOTO HII NI MALI YA CHUO KIKUU CHA TAIFA. NI MARUFUKU KUIGUSA.

Picha ya Nakundwa nayo ilikuzwa, ikawa na urefu wa nyumba, ikatundikwa juu ya geti kuu la chuo na maneno chini yake: CHUO KIKUU, SULUHISHO LA JAMII. Kila asubuhi Sifaeli alipita katikati ya ile miguu kwenda kazini. Siku ya kwanza aliinamisha kichwa. Siku ya pili vile vile. Siku ya tisa alikwenda kuomba likizo yake ya mwaka, na mkononi alikuwa na mifuko minne ya nailoni nene, vichupa vya kupimia na bomba la plastiki, mali ya chuo, na sitamtetea katika hilo.

*

Mifupa aliipata kwa muuza nyama wa pale pale, aliyekuwa akiitupia mbwa. Tanuri alilipata la wachoma matofali. Tanuri la kwanza moto haukutosha. Maji yaliyopita kwenye mifupa ile yalitoka yananukia supu, na mbwa watatu waliifuata ndoo mpaka nyumbani wakakataa kuondoka. Namsifu alicheka mpaka akakaa chini.

"Ndiyo elimu ya chuo kikuu hii, kaka? Tuweke na ndimu?"

Tanuri la pili lilizidi, mifupa ikawa myeupe kama chaki, haikushika kitu. Ya tatu ilitoka myeusi, mikavu, ukiigonga inalia. Sifaeli aliiponda kwenye kinu, akaichekecha, akaiosha mara saba, akaijaza ndoo, akapitisha maji ya kisima, akapima kwa vichupa alivyokuja navyo. Akapima tena. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni akakitazama kile kichupa muda mrefu.

Namsifu alikuwa na kabati la vioo sebuleni, kama nyumba zote za Kisima Kitamu, na ndani ya kabati mlikuwa na vyombo vya wageni: bilauri sita zenye maua, vikombe na sahani, ambavyo mtu wa nyumba hanywei wala halii humo hata akiwa mgonjwa. Siku hiyo alichukua ufunguo, akafungua, akatoa bilauri moja. Akaijaza maji ya ndoo, akampa mwanawe.

"Mama, mimi ni mgeni?"

"Leo wewe ni mgeni. Kunywa."

Kufika mwisho wa likizo nyumba kumi na nane zilikuwa na ndoo. Kufika mwaka uliofuata hapakuwa na nyumba isiyo na ndoo, na Mwenyekiti wa kijiji, mzee Kadeghe, ambaye shingo yake haikuwa ya kurudi tena, aligeuka mwili mzima kuwatazama wajukuu zake wakinywa. Hakuna aliyemwomba ng'ombe dole gumba. Na Nakundwa, aliyekuwa bado mbichi, mifupa yake ikiwa haijakata shauri, akaanza kunyooka. Taratibu, mwezi kwa mwezi. Alipotimiza miaka sita alikuwa akiwashinda wavulana mbio, na mama yake alikuwa akimkemea kwa sauti kubwa, ili majirani wasikie vizuri kwamba ana mtoto anayekimbia.

*

Kila baada ya miaka miwili Profesa Baltazari alikwenda mwenyewe kupima changamoto yake. Mwaka huo alikuja na magari manne, kipima pembe cha mbao, na furaha ya mtu anayerudi kwao. Akachota maji kwenye mitungi ya nyumba ya kwanza, akapima. Akatikisa kipimo. Akaenda nyumba ya pili, ya tatu. Jasho likaanza kumtoka. Akaagiza waletwe watoto.

Nakundwa alikuwa wa kwanza. Alikuja anakimbia. Profesa alimwekea kipima pembe kwenye goti la kushoto, kisha la kulia, kisha akaketi chini kwenye vumbi na suti yake.

"Nani," aliuliza, na sauti yake ilitetemeka kweli, "nani ameinyoosha miguu hii?"

Namsifu akamvuta mwanawe karibu yake.

"Huyu mtoto ni Jedwali Namba Nne! Nimemwasilisha huyu kwenye mikutano kumi na mmoja! Mwezi wa sita wanakuja wajumbe wa nchi ishirini kumwona, mnataka niwaonyeshe nini?" Machozi yalimlengalenga. "Miaka thelathini nimewapenda. Ndiyo shukrani yenu?"

Uchunguzi haukuchukua muda, kwa kuwa Sifaeli alikiri kabla hajaulizwa. Kamati ya Nidhamu ilikaa chini ya picha ya Nakundwa, toleo dogo la ukutani, ikamsomea makosa matatu: kujua bila daraja, kuharibu eneo la utafiti, na kunyoosha sampuli.

"Una la kujitetea?" mwenyekiti wa kamati aliuliza.

"Mtoto anatembea, mheshimiwa."

"Hilo ni sehemu ya shtaka. Nimeuliza utetezi."

Alifukuzwa kazi. Ndoo zote zilikamatwa kwa lori kuwa vielelezo, zikahifadhiwa katika klabu ya wahadhiri, na mpaka leo chai ya pale inasifiwa. Kijiji kilipewa amri kwa maandishi: kirudi kunywa maji ya kisima bila kupitisha kwenye kitu chochote, ili changamoto irejee katika hali yake ya awali kabla ya mwezi wa sita. Jedwali Namba Nne lilitajwa kwa namba yake. Lazima lipatikane, amri ilisema, likiwa limepinda. Lisipopatikana, kijiji kitapewa askari wa kusimamia unywaji.

*

Mkutano wa kijiji ulifanyika shuleni. Wengine walitaka kwenda kulala barabarani. Wengine walisema tunywe tu, serikali haishindwi. Sifaeli alikaa nyuma kabisa, kiganja mdomoni ingawa hakuwa anacheka. Aliona amekiponza kijiji kizima, na kila akimtazama mpwa wake moyo ulimshuka.

Namsifu akasimama.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Humu kuna nyumba isiyo na vyombo vya wageni?"

Hakuna.

"Wageni wakija tunawapa vile vya kabatini, wakiondoka tunaosha tunarudisha, sisi tunaendelea na vya kwetu. Tena mgeni hafurahi kupewa kikombe chako cha kila siku. Sasa hawa wageni wetu wanapenda changamoto. Kwa nini tuwanyime? Tuwawekee ya kwao. Wakija tunaitoa. Wakiondoka tunaifungia."

Mzee Kadeghe akageuka mwili mzima kumtazama, na kwa jinsi alivyogeuka ilijulikana kwamba hoja imepita.

Mifupa ilichomwa upya. Ndoo mpya zilifichwa kwenye maghala, chini ya mahindi, na mitungi ya sebuleni ikajazwa maji ya kisima kwa ajili ya wageni peke yao. Watoto walifundishwa. Kila alasiri baada ya shule walipanga mstari uwanjani, wakafungua magoti nje, wakazungusha nyayo ndani, wakatembea kutoka goli hadi goli huku wale wazee waliopinda kweli wakikaa kando na kusahihisha. "Wewe, unatembea kama bata. Mimi nimeishi na miguu hii miaka sitini, hebu nitazame." Wengine waliwasahihisha wakicheka, na bibi mmoja alisahihisha siku mbili, ya tatu akashindwa kuendelea, akarudi nyumbani kwake.

Nakundwa aliwapita wote. Aliipata mpaka ile hatua ndogo ya kusitasita kabla ya kupanda ngazi. Sifaeli alipoiona kwa mara ya kwanza alikimbia kumshika, akidhani imerudi kweli. Mtoto akanyooka mikononi mwake, akacheka.

"Mjomba, ni ya wageni!"

*

Mwezi wa sita wajumbe wa nchi ishirini walikuja, wakalia, wakapiga picha, wakala pilau. Profesa alipima pembe ya Nakundwa mbele yao, mtoto amejipinda kama ilivyoandikwa kwenye jedwali, na alipoisoma ile tarakimu alimkumbatia kwa mapenzi ambayo nina hakika yalikuwa ya dhati. Wajumbe wakapitisha maazimio thelathini na sita. Kisima Kitamu kikatangazwa Kituo cha Umahiri cha Changamoto, na Profesa akatangaza kwamba akistaafu mwakani atahamia hapo hapo, ajenge karibu na kisima, afe akiwa kazini.

Mchana huo alipumzika sebuleni kwa Namsifu. Akaomba maji. Ya dukani yalikuwa yamewaishia wajumbe. Namsifu akafungua kabati, akatoa bilauri yenye maua, akaijaza kutoka mtungi wa wageni, akapiga goti akampa. Profesa akanywa yote kwa mkupuo, akaguna.

"Matamu! Kila siku nawaambia watu, maji ya hapa hayana mfano. Nikihamia nitakuwa nakunywa haya tu."

Sifaeli alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunyamaza, na wengi tungenyamaza. Lakini alikuwa na moyo mbaya wa kuwahurumia watu.

"Profesa," alisema, "ukishahamia, niruhusu nikuletee ndoo moja. Ya siri. Kwa ajili ya mifupa yako."

Profesa aliirudisha bilauri mezani taratibu. Alimtazama aliyekuwa mfanyakazi wake kwa huruma ile ile ya siku ya kwanza.

"Bwana Sifaeli. Siku hizi kuna aliyeunukuu ule ukurasa?"

"Bado."

"Basi tusubiri," Profesa alisema, akasogeza bilauri aongezewe.

Kabla ya kupanda gari alimwita Nakundwa mbele ya wajumbe, akatangaza kwamba mtoto huyu atasomeshwa na Chuo Kikuu cha Taifa mpaka shahada ya juu kabisa, na atasomea changamoto yake mwenyewe. Watu walipiga makofi, na Sifaeli naye akajikuta anapiga. Mpwa wake angesoma. Angefika daraja la kujua, la kugundua, angeufungua ukurasa wa themanini na tisa mchana kweupe na hakuna ambaye angemwuliza ametumwa na nani. Aliona aibu kwa furaha aliyoisikia, lakini aliisikia.

Magari yalipotokomea watoto walinyooka wote kwa pamoja, wakatawanyika wakipiga kelele kuufuata mpira. Namsifu aliosha bilauri, akazifuta, akazirudisha moja moja kabatini. Nakundwa hakwenda mpirani. Alikaa kwenye kizingiti akijipapasa magoti, maana kazi ya siku hiyo ilikuwa ndefu.

"Mjomba."

"Naam, mama."

"Siku nikienda chuo kikuu, niende na miguu ipi?"

Sifaeli alifungua mdomo amwambie, yako. Lakini akalikumbuka lile geti, na ile picha yenye urefu wa nyumba, na wale watakaokuwa wamesimama chini yake wakimngojea Jedwali Namba Nne na kipima pembe mkononi. Kiganja kikampanda mdomoni chenyewe.

"Kanywe maji kwanza," akamwambia. "Yale ya ghalani."